Madame wa Nta na Arobaini ya Neema

Sisi tuliokuwa watoto hapa Brussels wakati simu bado zina vitufe na yule nyoka wa kucheza naye, tulikuwa na mambo yetu. Mnakumbuka zile kadi za kupigia simu nyumbani, za kukwangua kwa sarafu, zilizouzwa Chaussée de Wavre katikati ya vitenge na samaki wa chumvi? Mnakumbuka kusimamishwa Porte de Namur na mifuko ya mihogo miguuni, unaambiwa "nakuja sasa hivi," halafu mama anakutana na mtu wa kwao, na wewe unaota mizizi pale mlangoni pa metro? Tuliruka lastiki, tukagombania gololi, tukakimbia nyumbani kabla taa za barabarani hazijawaka, maana ukichelewa ulikuta mlango umefungwa na mdomo wa mama umefunguka.

Ila nyumba zenu zilikuwa na joto. Yetu ilikuwa friji. Tulikaa Laeken, ghorofa ya tatu, na mimi na kaka yangu Beni tulifanya kazi za shule tumevaa makoti na kofia za sufu. Wenzangu wakija kucheza walidhani tumekatiwa gesi, wakatuonea huruma, mmoja akaniletea soksi za nyanya yake. Hatukuwa tumekatiwa kitu. Baba yetu alikuwa na nta.

Papa ni mtu wa Lubumbashi, fundi umeme, mpole, mcheshi, hana neno na mtu. Jumamosi wenzake walikwenda kunywa bia na kubishana habari za mpira. Yeye alikwenda soko la vitu vikuukuu, uwanja wa Jeu de Balle, akarudi na vikopo vya karatasi ngumu vyenye vifuniko, vimechakaa, vinanuka chumba cha bibi kizee. Ndani ya kila kikopo mlikuwa na silinda ya nta, kama kikombe kisicho na kitako. Ndizo zilizokuwa sahani za muziki za Wazungu kabla hawajajua kutengeneza sahani. Papa alikuwa na mashine ndogo ya kuzichezea, yenye ufunguo wa kuzungusha ubavuni na pembe la bati mbele, na mashine hiyo ilikaa sebuleni mahali ambapo nyumba za watu wengine zilikuwa na televisheni.

Kwa hiyo, joto hapana, nta italainika. Kidole hapana. "Mafuta ya bidole yenu inakula sauti," alikuwa akituambia. Silinda hushikwa kwa ndani tu: unaingiza vidole viwili tunduni, unavitanua, unainua, na pumzi umeibana. Beni alijua kushika silinda kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Unyevu nao hapana, kwa sababu nta huota ukungu, na ukungu ukishaingia hautoki, unabaki madoa meupe na muziki unakohoa.

Wageni walikuja Jumapili baada ya kanisa, na Papa hakukubali waondoke bila kusikia. Jamani! Silinda moja inaimba dakika mbili tu. Kuna tonton mmoja, yaani mjomba, mnene, aliyependa kucheza, kila mara alijishika magotini, akajivuta kutoka kwenye sofa, akanyoosha kiuno, na alipokuwa tayari kuanza, wimbo umekwisha. Akarudi kukaa akihema kama aliyecheza. "Ya Bazungu njo vile," alisema, "haina na mwendo mrefu."

Katika silinda zote, moja ndiyo iliyokuwa malkia. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini kuliko nyingine, na haikutoka kiwandani. Zamani hizo mtu aliweza kununua nta tupu akajirekodi nyumbani kwake, na humo ndani mwanamke mmoja wa mji huu, nani ajuaye ni nani, alikuwa amemwimbia mtoto wake ili alale. Anaimba kwa sauti ya chini, kwa lugha yao ya mitaani ambayo hata mwalimu wangu Mbelgiji aliielewa nusu. Sisi tulimwita Madame. Madame alichezwa mara moja tu kwa mwaka, mchana wa mwaka mpya, baada ya kula, mikono imeoshwa, hakuna kukohoa. Sababu ni kwamba sindano inapopita juu ya nta huila. Kila ukisikiliza, umepunguza.

Na Madame alikuwa na mchumba. Mzee mmoja wa pale sokoni, Monsieur Fernand, mkusanyaji mkubwa wa vitu hivyo, alimsikia mwaka mmoja akavua kofia. Alikuwa na mashine ambayo Papa aliiota hadi akawa anatabasamu usingizini: kubwa, ya mbao ya kung'aa, pembe lake pana kama mwavuli. Wakakubaliana wabadilishane. Monsieur Fernand alikuwa anakwenda kukaa kusini kwa dada yake mpaka baridi ipungue. Akirudi atakuja, atamsikiliza Madame kwa mara nyingine, na kama bado yuko mzima, mashine inabaki kwetu. Papa alipima sebule kwa hatua zake, akasogeza kabati, akaacha nafasi wazi ukutani. Tukawa tunaizunguka nafasi ile kama kuna mtu amekaa.

Katika miezi hiyohiyo ndipo Mama akajifungua Neema. Na kwa kuwa Mama ni mtu wa Tanga, hakuna Mtanga anayejifungua bila mama yake. Bibi akaja.

Alitua Zaventem na sweta tatu juu ya kanga mbili, na sanduku lenye pilipili manga, mafuta ya nazi, udi na mvuje. Alipoingia nyumbani hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chuma cha kupashia joto ukutani, akakigusa, akageuka.

"Hiki chuma ni cha urembo?"

Akamwangalia binti yake amelala na koti, akamwangalia mtoto mchanga amefungwa kama kifurushi cha posta, akashika kiuno.

"Lo! Mzazi analala barafuni? Mwanangu kawakosea nini?"

Hapo lazima niwaeleze jambo. Papa hakuweza kumjibu Bibi. Si kwamba alikosa la kusema, ila alilelewa kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, hajibizwi, na ukipishana naye ukumbini unageukia ukuta. Bibi naye, kwa heshima hiyohiyo, hakumsemesha mkwewe ana kwa ana. Basi watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyomeza mate, walisemezana kupitia kwangu. Nilikuwa na miaka tisa na kazi ya balozi.

"Mutoto," Papa aliniita, uso kaelekeza dirishani, "ambia nkambo yako." Nkambo ndiye bibi, kwa Kiswahili cha kwao. "Mwambie, na heshima yote, ile moto iko mingi. Cire haipende moto."

Nikageuka hatua moja. "Bibi, Papa anasema nta haipendi moto."

"Nimemsikia. Mwambie baba yako mzazi hapigwi baridi. Na mimi sikupanda ndege kuja kulea mishumaa isiyo na utambi."

Nikageuka tena. Papa alikuwa ameshafumba macho.

Bibi akafungua joto lote. Wenzangu, nyumba ile ilibadilika kuwa Tanga. Vioo vilitiririka jasho. Jikoni kuna sufuria la maji ya kumkanda Mama, linachemka toka asubuhi. Kuna uji wa pilipili manga unaopanda puani. Kuna udi sebuleni. Tulivua makoti, tukavua sweta, Beni akaenda kwenye theluji na fulana kwa kuwa alisahau kama nje bado ni Ubelgiji. Tulifurahi, nisiwadanganye. Papa akipita ukumbini alikohoa kidogo, na mkono wake ukateleza kwenye kifungo cha radiateur, kile chuma cha ukutani. Bibi akipita baada yake alikohoa pia, akakirudisha.

Mwisho Papa alisalimu amri. Tulibeba silinda zake kwa mstari, mimi, Beni na yeye, tukazishusha ngazi hadi kwa jirani wa chini, mama mjane aliyebana gesi kwa tabia yake mwenyewe, na kwake kulikuwa na baridi ya kuridhisha. Alizipokea, akaziweka chini ya kitanda. Ila Madame, Papa hakumwamini mtu. Alizunguka nyumba nzima akitafuta mahali ambapo joto la Bibi halijafika, akapapata. Chooni. Palikuwa na kidirisha kisichofunga vizuri. Madame akakaa pale juu ya rafu, katika kikopo chake, na sisi tukaamriwa tusikawie.

"Munafanya mbio munatoka," Papa alisema. "Mwili ya muntu inapashaka hewa moto."

Hata hilo nilitumwa nikamwambie Bibi. Sitalirudia alilonijibu.

Sasa Neema. Mtoto yule alilia! Alilia asubuhi, akalia mchana, akanyonya kidogo ili apate nguvu za kulia tena. Bibi alisema ni tumbo. Akampaka mafuta ya nazi, akamfungia mvuje, na harufu ya mvuje ikashuka ngazi ghorofa zote tatu, jirani mmoja akampigia mwenye nyumba kuuliza kama bomba limepasuka. Akamwimbia nyimbo zote anazozijua. Papa akamwimbia za Lubumbashi. Tonton mnene akaja akamchezea. Wapi! Mama alianza kulia naye, na kumwona mama yako analia kwa uchovu ni jambo baya, mimi niliogopa kweli.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula. Mama kakaa kitandani machozi yanamdondokea mtoto. Papa alisimama mlangoni akiwatazama. Halafu akaenda chooni. Tukasikia kifuniko kinafunguka. Akatoka na Madame kwenye vidole viwili, sebuleni, akamvika kwenye mashine, akazungusha ufunguo, akaligeuza pembe lielekee chumba cha kulala.

Madame akaimba. Neema akakata kilio katikati, kama aliyeitwa jina. Akageuza macho kwenye sauti, mdomo wazi. Akapiga miayo. Wimbo haujafika mwisho, amelala.

Hakuna aliyethubutu kusogea. Bibi ndiye aliyeanza, kwa mnong'ono. "Nani huyo mama?"

"Madame," nikasema.

"Mungu amrehemu popote alipo. Mwambie baba yako asimweke mbali."

Alasiri Neema akaamka, akalia. Bibi akaniangalia. Mimi nikamwangalia Papa. Papa akaangalia ile nafasi wazi ukutani.

"Ambia nkambo yako," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "Madame ni mara moja kwa mwaka. Akiimba, anaisha. Na Monsieur Fernand akimukuta ameisha, mashine hakuna. Miye ile mashine nimeingoya miaka."

Nikalisema lote. Bibi hakukasirika. Alimpandisha Neema begani, akampigapiga mgongo.

"Mwambie baba yako, hata ziwa la mama hukauka siku moja. Ndiyo tusinyonyeshe?"

Papa alizungusha ufunguo.

Najua mnachotaka kuuliza, na vijana wa leo huuliza hivyohivyo wamenikazia macho kama mimi ndiye mjinga: kwa nini hamkurekodi? Tulirekodi! Papa alichukua redio ya kaseti, akaiweka mbele ya pembe, akarekodi Madame mzima, na sauti ya Bibi juu yake ikipiga kelele, "Fungeni mlango, baridi inaingia!" Tukamchezea Neema. Alinyamaza kidogo, akaitazama ile redio jinsi mama sokoni anavyotazama samaki wa juzi, kisha akalia mpaka akabadilika rangi. Hakutaka. Alitaka pembe la bati na yule mama mwenyewe. Kaseti yenyewe Beni alikuja kurekodia mpira juu yake, akajitangazia mechi nzima kwa mdomo wake, na bao lilikuwa lake.

Basi Madame akawa anaimba kila siku, na siku nyingine zaidi ya mara moja. Kwanza hatukugundua kitu. Kisha sauti ikaanza kusikika kama anaimba chumba cha pili, halafu nyumba ya jirani. Mvumo ukawa unapanda juu yake, kama mtu anakaanga kitu jikoni. Pale ambapo Madame alififia, Bibi aliingia. Muziki alikuwa ameshaushika, maneno hakuwa nayo, akaweka yake: "Lala mwanangu lala, theluji haina meno." Bibi wa Tanga na mama wa Brussels, wanapokezana. Papa alikuwa anasimama ukumbini, mgongo ukutani, anasikiliza mali yake inavyoliwa. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia mdogo wangu.

Mpaka siku moja nikamwona Papa mwenyewe. Neema hakuwa amelia. Alikunja uso tu, ile dalili ya mtoto anayefikiria kulia. Na Papa alikuwa ameshatoka chooni, vidole viwili juu, anakuja mbio.

Arobaini ikafika. Neema akanyolewa, akavishwa, nyumba ikajaa. Wamama wa Lubumbashi walikuja na bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, Watanga na Wakenya wakapika pilau, viatu mlangoni kama msikitini, na kila mmoja aliyeingia alivua koti akasema, "Eh, kwenu kuna joto!" Katikati ya hayo kengele ikalia. Monsieur Fernand. Kofia, skafu, na nyuma yake dereva wa teksi amekumbatia mashine. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo, hakuweza kungoja.

Sijawahi kuona baba yangu akiwa mdogo namna ile. Angeweza kusema Madame amevunjika. Angeweza kusema njoo kesho. Alimwondolea mzee koti, akamkalisha kiti cha mbele, akaenda kumleta Madame. Watu wakaambiwa wanyamaze, nao wakanyamaza, isipokuwa Neema. Alikuwa anapitishwa mikononi, kutoka maman huyu hadi shangazi yule, amechoka, analia kwa nguvu zote.

Papa akazungusha. Sindano ikashuka. Kikaanza kile kikaango. Sss. Sss. Ndani yake hamna mtu. Madame amekwisha kabisa, hata pumzi yake haipo.

Monsieur Fernand akainama, akasogeza sikio kwenye pembe. Akainua uso. "Mais monsieur," akasema kwa sauti, "il n'y a plus rien! Hakuna kitu!"

"Chuuut!" Papa akamnyamazisha mzee wa watu, kidole mdomoni. "Doucement. Mutoto analala."

Tukageuka wote. Neema alikuwa amelala begani kwa shangazi mmoja, mdomo wazi, mate kwenye kitenge.

Mzee alimtazama mtoto, akamtazama Papa, akaitazama ile nta. Alikuwa mkusanyaji, alijua vizuri amefanyiwa nini. Alitoa leso akapenga kamasi kwa hasira. Ndipo Bibi akatoka jikoni na sinia. Akapita mbele yangu, nami nikasimama tayari kupokea ujumbe. Hakunipa. Akamwendea Papa mwenyewe, akamwekea sinia mbele kwa mikono yake, akamwangalia.

"Baba," akamwambia, "kaa ule. Umelea."

Mimi kuanzia siku ile nikawa sina kazi.

Monsieur Fernand alikula pilau sahani mbili, akafungiwa nyingine, akaondoka na mashine yake. Kwenye ile nafasi ukutani Mama aliweka kitanda cha Neema.

Leo Neema huyohuyo ni msichana mkubwa, mrefu kuliko mimi, na ana vitu viwili masikioni vinavyoota humo kama uyoga. Halali bila hivyo. Nikamwuliza anasikiliza nini, akanionyesha simu: mvua. Mvua iliyorekodiwa! Laeken! Mahali ambapo ukifungua dirisha unaipata ya bure, tena mbichi. Na mvua ile haina mwisho, anaweza kuicheza mpaka azeeke, haipungui tone. Sisi enzi zetu wimbo ulikuwa na umri. Ulisikiliza ukijua kuna kitu kinaondoka, kwa hiyo ulisikiliza kwa mwili mzima, mikono umenawa. Sijui kama hiyo ilikuwa bora. Najua tu kwamba siku hizi nina maelfu ya nyimbo mfukoni na mara nyingi sikumbuki nimesikia upi.

Nikamsimulia habari ya Madame, akacheka sana pale pa chooni. Halafu akachomoa kimoja masikioni.

"Ulikuwa unaishaje, huo wimbo?"

Nikamwambia. Mwishoni yule mama huacha kuimba, anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona mtoto wake kalala, na mashine inakatika hapo. Sisi wote tulikisikia kicheko hicho. Bibi, Mama, Beni, mpaka tonton mnene.

"Na mimi?"

Wewe, mdogo wangu, mwanamke mzima alikuimbia mpaka akaisha, na kile kicheko hukuwahi kukisikia hata mara moja. Kila kilipofika, ulikuwa umeshalala.